Ulimi wa Mama na Maji ya Chumvi

Niliacha shule nikiwa darasa la sita, na tangu hapo sikutulia mahali pamoja. Nilipakia magunia Otonglo, nikachuma majani chai Kericho, nikalinda geti la tajiri mmoja mjini Kisumu mpaka nikachoka kulitazama. Kilichonihamisha kila mara ni hamu ya kujua watu wengine wanafanyaje kazi zao. Lakini mtu akiniuliza ni kitu gani nilichokiona kikanifanya nitembee kifua mbele, sitaji safari hata moja. Namtaja mama yangu, aliyekuwa akitia samaki chumvi Asembo Bay, na daktari mmoja aliyejua kuuliza.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Mama alinunua mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, kutoka kwa wavuvi, akawapasua, akawalaza katika mapipa ya maji ya chumvi, kisha akawaanika. Chumvi ikizidi, samaki huwa mgumu kama soli ya kiatu; ikipungua, huoza kabla hajafika sokoni. Wa mama hawakuwa wagumu wala hawakuoza. Wafanyabiashara wa mjini, wengi wao watu waliohamia kutoka Mkoa wa Kati, waliwapita wanawake wengine wote na kuja moja kwa moja kwake. "Huyu mama ana ulimi," walisema. Ni kweli. Kila pipa lilipochanganywa alichota maji kwa kiganja, akaonja, akafumba macho kidogo, akaamua.

Kisha kichwa kikaanza kumuuma. Dada yake mkubwa alikuwa amepigwa na presha, upande mzima wa mwili ukafa, na mama ndiye aliyemlisha uji kila asubuhi kabla ya kwenda ufuoni. Kwa hiyo daktari wa Kisumu alipomwambia presha yake iko juu, hakuhitaji kuelezwa maana yake. Alipewa dawa na kuambiwa apunguze chumvi.

Mama hakupunguza; aliiacha kabisa. Alichemsha samaki wake bila chumvi, akapika mboga bila chumvi. Jirani yetu alionja akatema.

"Mama, hii ni chakula ama adhabu?"

"Ni chakula ya mtu anataka kuishi," mama akajibu, akaendelea kutafuna.

Aliporudi Kisumu kupimwa, mimi ndiye niliyemsindikiza, nikiwa na uhakika tutasifiwa. Daktari akamfunga mkanda wa kipimo mkononi, akaujaza hewa, akatazama zebaki ikishuka. Presha haikuwa imetikisika. Mama akaniangalia, na nikajua anamwona dada yake kitandani.

Nilikuwa nimewahi kukaa mbele ya madaktari wengine, na nilitegemea kusikia kwamba watu wa ziwani hatusikii tunachoambiwa. Huyu hakusema hivyo. Alikuwa kijana Mwislamu, mzaliwa wa mjini pale pale, na Kiswahili chake kilikuwa laini. Aliweka kalamu chini.

"Mama, nakuamini kwamba umeacha chumvi jikoni. Sasa niambie siku yako yote, tangu unapoamka. Usiruke kitu."

Mama akaanza na uji wa dada yake, akaja kwa wavuvi, akaja kwa visu, akaja kwa mapipa. "Hapo naonja maji."

"Unaonja mapipa yote?"

"Yote. Na nikiongeza chumvi naonja tena."

"Ukishaonja, unatema?"

Mama alimtazama kana kwamba ametukanwa. "Daktari! Niteme mate mbele ya samaki yangu? Mnunuzi akiona si atasema samaki imeoza, hata mimi mwenyewe imenishinda? Hapana. Nameza."

Ufuoni kwetu hakuna mwanamke ambaye angetema karibu na pipa lake. Tulijua sote, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kufikiria kulitaja.

Daktari hakucheka. Alimwambia polepole kwamba chumvi aliyoiacha jikoni alikuwa akiinywa kazini.

"Kwa hivyo niache kazi?" Sauti ya mama ilikuwa ndogo. "Hii ulimi ndiyo jina langu, Daktari."

"Sitaki uache kazi. Nataka tupate kitu kingine cha kuonja badala yako." Akafikiri. "Nyanya yangu alikuwa anatengeneza achari. Yeye alitia yai bichi ndani ya maji ya chumvi. Chumvi ikitosha, yai linaelea. Lakini sijui maji yako yanataka lielee kiasi gani. Hilo utaniambia wewe."

Kesho yake mama alichanganya pipa moja, akalionja kwa mara ya mwisho, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaweka yai. Likaibuka, na kipande kama ukucha wa kidole gumba kikabaki juu ya maji. Mama akainama akakitazama muda mrefu, akikiweka kichwani. Wanawake wakaanza.

"Leo mbuta wanataga?"

"Mama, ukimaliza kupika hiyo yai utuletee na chapati!"

"Chekeni," mama alisema. "Hata nyinyi mtakuja kuniuliza."

Samaki wa pipa lile walipokauka, mnunuzi mmoja alinyofoa kipande, akatafuna, akatafuna tena. Mama alisimama mikono kiunoni. "Chumvi iko sawa," akasema mnunuzi. "Kwani mlikuwa mnacheka nini?" Kabla msimu haujaisha, kila pipa la ufuo ule lilikuwa na yai lake, na mama alipita akiwasahihisha: hili limezama mno, ongeza, hili limepanda mno, tia maji.

Dawa aliendelea kumeza, na daktari aliendelea kumpima. Siku presha iliposhuka vizuri, niliomba kusikiliza mwenyewe. Daktari akanivisha masikioni vile vipira vyake vya kusikilizia mapigo, na nikasikia damu ya mama ikigonga, kisha ikanyamaza kwa amani, wakati zebaki ingali ikishuka.

Mama akafungua kikapu, akamtolea daktari mbuta mkubwa.

"Ana chumvi huyu?"

"Yako sikutia hata kidogo," mama akamwambia. "Wewe unakaa kwa kiti siku mzima, Daktari. Nani anapima wewe?"

Daktari akacheka, akakunja mkono wa shati, akanyoosha mkono wake juu ya meza.