Kijino cha Kaseti ya Shangazi

Daktari alisema upasuaji ni Alhamisi. Alisema kwa upole, huku akichora koo kwenye karatasi, na mahali sauti inapokaa akapiga mstari. Uvimbe umeshashika kisanduku chote cha sauti, wala hakuna kipande cha kuokoa. Watakitoa, na shangazi yangu atakuwa akipumulia tundu dogo chini ya shingo. Ataishi, Mungu akijalia. Kuongea, basi.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akaikunja ile karatasi mara nne na kuitia kwenye mkoba. Tulipofika kwenye ngazi za nje akanishika mkono.

"Kopi," akaniita. Ameniita hivyo tangu nilipofungua duka langu la kuchapa na kutoa kopi. "Nitafutie deki ya video. Nataka nione sehemu ya hamsini na moja ya ile katuni yangu kabla ya Alhamisi. Niseme na yule binti maneno yote, mara moja tu, halafu waje na mikasi yao."

Nikamwambia sawa, shangazi. Ilikuwa Jumatatu. Na mimi, tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu, nilikuwa najua kwamba sehemu ya hamsini na moja haipo.

Tuseme kwanza huyu mwanamke ni nani, maana ukimwona barabarani na kilemba chake na viatu vya kushonwashonwa huwezi kumdhania lolote. Miaka thelathini na miwili iliyopita alikuwa mpiga chapa katika kituo kimoja kidogo cha televisheni. Kazi yake ilikuwa kuchapa tafsiri za vipindi vya kigeni. Siku moja wakaletewa katuni ya Kijapani, ya zamani hata kwa wakati ule, iliyotengenezwa kutokana na kitabu cha watoto cha huko Ulaya cha enzi za mababu. Sehemu hamsini na moja. Waigizaji waliokodiwa kuingiza sauti walikaa siku tatu, wakagombana na mkuu wa vipindi, wakaondoka. Wa kuyasoma yale maneno akabaki yeye aliyeyachapa.

Alisoma yote. Alikuwa binti, alikuwa bibi yake mkali, alikuwa mwalimu mwenye mafua, alikuwa mbuzi. Walimpa jina la Watu Kumi, na aliposimama kwenye foleni ya chai wenzake walimuuliza leo wamekuja wangapi.

Chumba cha sauti kilikuwa stoo iliyoegemezwa magodoro ukutani. Feni haikuwashwa kwa sababu ya kelele, kwa hiyo alifanya kazi kajifunga khanga moja, kitambaa cha jasho begani, na nyuma ya kioo alikaa fundi mitambo aliyempa ishara kwa penseli. Penseli ikishuka, mdomo wa mtoto kwenye skrini umefunguka. Ukichelewa, mnarudia kutoka mwanzo wa ukurasa. Walirudia sana.

Hadithi yenyewe ni ya binti wa msaga nafaka. Jiwe la kinu cha maji limepasuka, baba anavuka milima kwenda kutafuta jingine, na binti anaachwa pamoja na bibi yake alinde kinu. Ni hayo tu. Mwaka mzima anasubiri. Watoto wa siku hizi wangeizima dakika ya tano, kwa sababu kuna sehemu nzima ambamo binti anafua mashuka, na nyingine ambamo anajifunza kukanda unga, na hakuna anayerushiana moto na mtu. Shangazi aliipenda kwa hayohayo. Alinikalisha mbele ya televisheni nikiwa na miaka tisa na kunionyesha kwa kidole.

"Tazama mikono. Umeona? Kabla ya kushika barua anaifuta kwenye aproni. Barua imetoka kwa baba, haitakiwi kuchafuka. Kuna mtu amekaa akachora kufuta mikono, mama. Picha kwa picha. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo."

Sikuona cha maana. Niliona mtoto ana unga mikononi. Leo ndiyo naelewa kwamba alikuwa ananifundisha kumtazama mtu.

Na alijivunia mwisho kuliko pote. Katika sehemu ya hamsini na moja binti anasema sana. Anamwambia bibi yake, kwenye ukurasa mzima, kwa nini hatasubiri tena kama alivyokuwa akisubiri. Kisha anafunga lango la maji, anachukua taa, anapanda kilima kwenye theluji mpaka pale barabara inapotokea. Anasimama. Dakika nne hakuna neno. Baba haji. Mkuu wa vipindi alitaka msimulizi aseme kwamba baba alirudi siku ya pili, watoto wasije wakalia. Shangazi akakataa katakata. Yeye, mpiga chapa, akamwambia mkubwa wake kwamba akiongezwa msimulizi pale, sauti zote kumi zinaondoka kesho.

Akashinda. Dakika zile nne akazijaza pumzi tu. Na kwa kuwa hajawahi kuona theluji maishani mwake, alitafuna barafu hadi meno yakamuuma ndipo akasogelea maikrofoni, ili pumzi itetemeke. Watoto walilia nchi nzima. Barua zilikuja magunia mawili.

Halafu kituo, kwa kukosa kaseti, kikazifuta zote hamsini na moja na kurekodia mambo mengine. Ndivyo walivyofanya na kila kitu. Fundi mitambo aliwahi kabla haijafutwa, akamtolea kopi ya ile ya mwisho kwenye kaseti ya nyumbani. Shangazi akaileta mikononi kama mtoto mchanga, akachukua kisu, na mbele yetu sote akavunja kile kijino cha plastiki kilicho ubavuni mwa kaseti. Waliozikuta kaseti hizo wanajua: kijino kikivunjwa, deki inakataa kurekodi juu yake. "Sasa hii imelindwa," akasema, akaitia kwenye kopo la biskuti, kopo juu ya kabati.

Ila kila mtoto wa wakati ule alijua pia dawa yake. Unabandika selotepu juu ya tundu, deki inadanganyika. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, kulikuwa na shindano la kucheza dansi kwenye televisheni, rafiki zangu wote wangeliongelea Jumatatu, na sikuwa na kaseti. Nilibandika selotepu. Nilirekodi. Nikaibandua, nikairudisha kwenye kopo, na kwa miaka ishirini na minane nimepita mbele ya lile kabati nikitazama pembeni. Deki yetu iliharibika mwaka uleule, ikawa salama yangu.

Sasa mnajua nilivyotafuta deki. Nilitafuta kwa kuomba nisiipate. Nilipita maduka mawili, nikarudi na uso wa huzuni, nikamwambia zimeshakufa hizo, shangazi, siku hizi watu wanatumia simu. Jumanne nilikwenda kwake nimepiga moyo konde nimwambie kweli. Nikamkuta sebuleni kavaa miwani, anayakumbuka maneno ya binti na kuyaandika kwenye daftari, mdomo unacheza. Sauti aliyokuwa nayo wiki ile ilikuwa ya mlango usiotiwa mafuta. Mtu angeweza kuirekodi kwa simu, lakini ya nini?

"Hii siyo yangu," akasema, kama aliyeniona nikifikiri. "Yangu iko pale," akaelekeza kidole juu ya kabati. "Kesho nitakaa karibu naye, mimi nakwaruza, yeye anasema vizuri. Wawili tutatosha."

Nikameza nilichokuja nacho. Nikamwuliza kama anataka chai. Woga wangu huo najichukia nao mpaka sasa.

Jumatano mchana fundi mitambo akabisha hodi. Shangazi alikuwa amempelekea ujumbe mwenyewe bila kuniambia. Ni mzee wa miaka sabini na kitu, masikio yamekwisha kwa kuvaa vipokea sauti vya masikioni maisha yake yote, na alikuwa amebeba deki ndani ya mfuko wa unga, kaifunga kwa taulo.

"Inafanya kazi?" nikamuuliza kwa sauti kubwa.

"Nimeisafisha kichwa jana. Inacheza kama mpya!" akanijibu kwa furaha, na nilitamani sakafu inimeze.

Waliunganisha nyaya wawili wale, wakisukumana na kucheka. Shangazi alishusha kopo. Akaifuta kaseti kwa upindo wa khanga, na akaifuta mikono yake pia. Akavuta kiti mpaka magoti yakagusa meza ya televisheni, akafungua daftari. Fundi akatoa penseli mfukoni, akaiinua juu, kama zamani. Nilisimama mlangoni nikishika fremu.

Penseli ikashuka. Msichana mwenye suruali ya kung'aa akaruka katikati ya jukwaa, na muziki wa ngoma za umeme ukajaa sebule.

Fundi hakusikia, ila aliona. Akasema labda ni kaseti nyingine. Shangazi aliitoa, akasoma lebo, mwandiko wake mwenyewe, akairudisha. Msichana akaendelea kuruka.

"Ni mimi," nikasema. "Nilibandika selotepu. Nilikuwa mtoto, shangazi."

Akageuka polepole. "Jumatatu ulijua?"

"Nilijua."

"Jana nilipokuwa naandika?"

"Nilijua."

Nilitegemea kelele, na ningezipokea kwa mikono miwili, maana zingekuwa zake. "Ungeniambia Jumatatu," akasema kwa ile sauti ya kukwaruza, "ningekuwa na siku mbili za kumsahau. Wewe umeniacha nimkumbuke neno kwa neno."

Hakuna aliyesogea kuzima. Tulikaa, watu wazima watatu, tukitazama watoto wa miaka ile wakigombea kombe. Dakika ishirini. Fundi alikuwa amerudisha penseli mfukoni na kuinamisha kichwa. Mshindi alilia, majina yakapanda, picha ikakatika, michirizi ikapita. Halafu kukawa na theluji.

Nilikuwa nimesahau kwamba shindano lilikuwa fupi kuliko sehemu yake. Binti alikuwa ameshafunga lango la maji. Alikuwa anapanda kilima na taa, na pumzi zake zikaja, fupi, zinatetemeka, pumzi za mwanamke wa miaka ishirini na tisa mwenye barafu mdomoni katika chumba cha joto. Niliirekodi kwa simu yangu. Nikajidanganya moyoni, afadhali hiki kimebaki, hiki alichokuwa akijivunia.

Shangazi alikuwa ameinama, kidole kwenye daftari, akisubiri mahali pa kuingia. Hapakuwepo. Ukurasa mzima wa maneno ulikuwa umelaliwa na dansi. Alifungua mdomo mara moja, akaufunga. Binti akasimama juu ya kilima, taa ikapungua, baba hakuja, skrini ikawa bluu.

"Hata neno moja," akasema.

Fundi akamwekea mkono begani. "Ile ndiyo kazi yako bora. Nakwambia tangu siku ile."

Akamjibu taratibu, akiupeleka mdomo karibu na sikio lake ili asikie. "Nilikuwa na sauti ya kuchezea, mzee mwenzangu. Nikajiona mjanja kunyamaza."

Hayo nayataja kwa sababu ni sentensi yake ndefu ya mwisho. Jioni ile aliniambia nifunge madirisha. Asubuhi hospitalini alimwambia muuguzi jina lake na kwamba hajala kitu. Kwangu hakusema neno, na sikustahili. Machela ilipoingia mlango wa chumba cha upasuaji nilimwona akiutazama mwanga wa darini, midomo inacheza. Nadhani alikuwa anausema ule ukurasa.

Siku ya nne waliniruhusu kukaa naye. Ana bomba dogo chini ya shingo na kitambaa cheupe mbele yake, na pumzi inaingia na kutoka pale kwa mluzi mwembamba, haifiki mdomoni hata kidogo. Nilikuwa nimemletea daftari jipya na kalamu ya wino mweusi. Nilikuwa nimemletea pia zile dakika nne kwenye simu, nimezisafisha usiku kucha kwa kompyuta ya dukani, nimetoa kopi sita na kuziweka mahali sita tofauti. Nikamwekea simu sikioni.

Alisikiliza mpaka mwisho macho yamefumbwa. Mle kwenye simu binti alivuta pumzi na kitandani tundu likavuta pumzi, hazikulingana hata mara moja. Ilipokwisha akanirudishia simu. Akaomba daftari kwa kidole.

Aliandika taratibu, mwandiko uleule wa lebo. Nikaligeuza daftari nisome.

"Na mimi wameshanivunja kijino. Safari hii usije na selotepu."

Nikacheka. Nilicheka kwa kufarijika, kwa sauti, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka, nikiamini Watu Kumi amerudi na utani wake, kwamba nimesamehewa. Kisha nikamtazama usoni ili tucheke wote.

Yeye alikuwa hacheki.