Mgonjwa Aliyechelewa

Karani wa kliniki yetu anajifunza kuipa amri kompyuta yenye orodha ya wagonjwa. Kitabu kinene mapajani, kidole kimoja kinadonoa herufi, midomo inanong'ona kama anabembeleza mtoto. Amri yake ya kwanza: asiyeandikiwa tarehe ya kufa, akikosa miadi, aitwe. Basi kila asubuhi nikipiga deki, kwenye skrini linawaka jina la mkewe, dada yangu tuliyemzika mwaka jana: "Umechelewa. Tunakusubiri."

"Shemeji, jaza hiyo tarehe! Unatutisha bure," namwambia.

"Bado najifunza, shemeji."

Jana nilimwona ameiandika, kidole kiko juu ya kitufe cha kuhifadhi. Akaifuta, tarakimu moja moja. Kisha akavuta kiti cha wagonjwa, akakipangusa vumbi, akakigeuzia mlangoni.