Dada Wawili na Moto wa Gesi

Ogultach aliolewa mashariki ya kisima cha mafuta, na dada yake Maral magharibi. Kati yao ulikuwepo mchanga wa jangwa la Karakum, mwendo wa kutwa nzima kwa ngamia, na katikati ya mchanga huo bomba refu lililotema moto mchana na usiku. Wachimbaji walitaka mafuta tu. Gesi iliyopanda nayo hawakuwa na pa kuipeleka, wakawa wanaichoma. Jioni moto ule ulitia wekundu hata kwenye mawingu.

Siku Maral anapelekwa kwa mumewe, alimvuta mdogo wake pembeni.

"Ukishakamua jioni, utazame ule moto. Na mimi nitautazama. Tutakuwa tumeonana."

"Na siku ya dhoruba ya mchanga?"

"Siku hiyo ujue tumenuniana."

Ogultach akawa mke, akawa mama, akawa mjane. Kila jioni baada ya kukamua ngamia alisimama nyuma ya zizi, uso kuelekea magharibi, akimsimulia dada yake kimoyomoyo: mtoto ana surua, binti kachumbiwa, mvua imetunyima tena. Zamani walikutana kwenye harusi na misiba. Miguu ya Maral ilipoanza kuvimba, hata hilo likakoma.

Kisha jioni moja ya vuli akatoka, akaona magharibi ni giza tupu. Alidhani ni vumbi. Kesho yake hali ilikuwa ileile, naye akaketi nyuma ya zizi kama mtu aliyeletewa habari ya kifo.

"Si ndiyo vizuri, mama?" alisema mkwewe Begench, mume wa binti yake, anayeishi naye. "Moshi umekwisha."

"Umekwisha, umekwenda wapi?"

Upepo ukivuma kutoka kule ulileta harufu ya mayai viza, na watu wakashinda na maumivu ya kichwa.

Baridi ilipoanza kulegea lilikuja gari jeupe la wapimaji. Mmoja wao, binti wa mjini aitwaye Jeren, aliingia kwa Ogultach kunywa chai. Alikuwa na kamera inayoona gesi ambayo jicho halioni.

"Moto waliuzima kwa sababu unaonekana toka mbali, na watu wameanza kuupigia kelele," alieleza Jeren. "Ila gesi yenyewe hawakuifunga, shangazi. Inatoka vilevile, haiungui."

"Si afadhali hivyo kuliko moshi?"

"Ni mbaya zaidi. Ikiungua inatoa hewa ya ukaa, nayo inaongeza joto duniani. Isipoungua inaongeza joto hilo mara nyingi zaidi. Ni kama kumfunika mtu blanketi zito katikati ya kiangazi."

Ogultach akatua kikombe. "Basi uwasheni tena."

"Hiyo ni nafuu tu. Tunachotaka ni kuikamata yote, iingie kwenye bomba, mpikie. Mtaacha kukata miti ya saksauli kwa kuni." Jeren akatabasamu. "Hata ngamia wako akicheua, shangazi, anatoa gesi ileile."

"Basi mfungieni bomba na yeye."

Jeren alicheka mpaka chai ikamwagika. Alipojifuta akamwona mwenyeji wake hacheki.

"Kwa hiyo moto hautawaka tena?"

"Tukifanikiwa, hautawaka."

Ogultach hakumlaumu. Alikwisha kuona visima vya utotoni mwake vikikauka, na baridi zikipita bila theluji. Alijua binti anasema kweli, na kuijua kweli hiyo hakukumpunguzia kitu.

"Una nani upande ule?" Jeren aliuliza taratibu.

"Dada yangu."

"Kesho tunakwenda kupima hukohuko. Nafasi ipo."

Kesho yake jioni alifika kwa Maral na mikate iliyookwa asubuhi na kiriba cha maziwa ya ngamia yaliyochacha. Dada yake alikuwa nje, ameegemea ukuta karibu na tanuri la mkate, uso kaelekeza mashariki. Aknabat, mke wa mwana wa Maral, alimwahi mgeni njiani.

"Haoni, mama mdogo," alinong'ona. "Macho yameingia ukungu, miaka sasa. Lakini kila jioni lazima tumtoe, tumgeuzie huku. Anauliza, unawaka? Tunamwambia unawaka."

"Na tangu uzimwe?"

"Tunamwambia unawaka."

Ogultach akaketi kando ya dada yake. Maral alimpapasa mikono, kisha uso.

"Umekonda."

"Wewe umenenepa."

"Mkwe ananilisha kama kondoo wa sikukuu." Kisha akarudisha uso mashariki. "Leo moto umekolea, eti? Nasikia joto shavuni."

Lilikuwa joto la tanuri. Ogultach alitamani kusema ndiyo.

"Dada, umezimwa. Tangu vuli."

Maral hakugeuza uso. "Hawa watoto kwa uongo hawajambo," alisema. Kisha, "Sasa baridi yote hii ulikuwa unatazama nini?"

"Giza."

"Mimi giza nimelizoea. Nilikuwa nakutazama wewe."

Gari la wapimaji lilipopiga honi, Maral alimshika mdogo wake pindo la gauni.

"Kuna ngamia wa kukamua," Ogultach alisema.

"Binti yako hajui kukamua?"

"Anajua."

"Basi."

Gari likaondoka bila yake. Alikaa mpaka kondoo walipoanza kuzaa. Walilala kitanda kimoja kama zamani, na Maral akamwomba amweleze uso wa mama yao, maana ulikuwa umeanza kumpotea. Siku ya kuachana hakukubali kutolewa nje. Alisema hataki kusikia gari likififia.

Kiangazi kile gesi iliingizwa kwenye bomba, na harufu ikaisha. Ogultach akaacha kwenda kutafuta kuni. Muda alioupata aliutumia kusokota sufu ya ngamia, amfumie Maral shali, kwa sababu magharibi kule baridi huanza mapema.