Grisi Kwenye Breki za Karavani

Kuna uchovu ambao usingizi hauuwezi, na ndio Hezron aliokuwa nao asubuhi ile. Alikuwa dereva wa nyumba moja ya Al-Rawdah, Jeddah, na kama madereva wote wa majumbani, alikuwa pia fundi na mbeba mizigo. Kila mwezi wa nane familia hukimbia joto, ikaivuta karavani yao, chumba kizima juu ya magurudumu, kupanda milima ya Taif na kuendelea hadi Riyadh kwa shangazi.

Safari hii bosi alimkubalia likizo: akishaifikisha karavani Riyadh, apande ndege aende Bungoma, na bosi mwenyewe ataendesha kurudi. Mwanawe Hezron, Allan, alikuwa atahiriwe wiki hiyo. Kwao jando huja mara moja kwa miaka miwili, alfajiri, baba akiwa amesimama uani.

Hezron akafungua gurudumu la kushoto la karavani kulikagua kabla ya safari. Breki za karavani ni za umeme: dereva akikanyaga, sumaku iliyo ndani ya dramu, lile bakuli la chuma la gurudumu, husukuma lainingi, vile vipande vigumu vya breki, zikabana. Dramu ilipotoka, lainingi zilikuwa zimelowa grisi chapachapa. Kazi yake mwenyewe hiyo. Zamani kwao, kwenye matrekta ya miwa, alizoea kupampu grisi mpaka ile kuukuu itokee nje. Hapa napo alipampu vivyo hivyo, ikapita sili, ule mpira wa kuizuia, na kumwagikia ndani. Lainingi ikishakunywa grisi haishiki tena, hata uioshe namna gani.

Na mlima wa kwenda ni wa kupanda. Angenyamaza, angefika Riyadh salama, angepanda ndege yake, na wa kushuka wakati wa kurudi wangejua wenyewe. Shida ni kwamba ndani ya karavani hupanda Peris, mfanyakazi wa nyumbani, kwenda na kurudi, ashikilie masufuria yasimwagike. Madam, mke wa bosi, ndivyo anavyotaka.

Peris akatokea na kapu la vyombo. “Baba Allan, nipakie?”

“Usipakie kitu.”

Hezron akamwendea bosi. “Bosi, breki mafi, hakuna. Niliziharibu mimi.”

Bosi akachungulia, akashusha pumzi. Lainingi za kuagiza zingechukua wiki. “Halas, basi. Zikija, utazifunga wewe, ndipo twende. Likizo ni baada ya Riyadh, kama tulivyosema.”

Hezron akampigia Allan simu. Nyuma ya sauti yake kengele za jando, zile wanazopiga watahiriwa, zilikuwa zikilia, kisha zikanyamaza.

“Baba, uko airport?”

“Niko Jeddah bado. Breki za karavani ya bosi zimeharibika.”

“Kwani hakuna mtu mwingine wa kuzitengeneza?”

“Hakuna.”

“Sawa. Anko Elphas atasimama uani badala yako.”

Hezron alitamani kumweleza habari ya Peris. Akaona mtoto ana yake ya kutosha.

“Kisu kikija, usipepese macho, Allan.”

“Sitapepesa, baba.”

Simu ikakatika. Hezron akaketi juu ya dramu yenye grisi, akalia, huku Peris akirudisha masufuria jikoni, akinung'unika kwamba watu wa nyumba hii hawajui wanachotaka.