Fundi Rhoda na Kaburi Lililongoja Karibu Miaka Minne

Jumamosi, tarehe 19 Aprili 2025, saa moja asubuhi. Katika makaburi ya Mazinde, wilayani Korogwe, Rhoda Simeo amepiga magoti kwenye udongo mbichi na anaweka pima maji juu ya tofali la kwanza. Anakitazama kiputo mpaka kinatulia katikati. Anagonga tofali mara mbili kwa mpini wa mwiko, kisha ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na karai la saruji linamfikia.

Rhoda ana umri wa miaka ishirini na sita na ni fundi ujenzi. Tangu alipoanza kazi hii amekwisha kujengea makaburi zaidi ya sabini, kuanzia Mombo hadi Hale. Kaburi analolijengea leo ni la kaka yake, Eliasi, aliyefariki dunia mwezi Juni mwaka 2021.

Kesho ni Pasaka. Kabla jua halijachomoza, waumini wa usharika wake watakuja hapa kama ilivyo desturi yao ya kila mwaka, waimbe habari za ufufuo katikati ya makaburi ya wazazi, watoto na jirani zao. Mama yake Rhoda, Mama Edna, amekwisha kutoa kauli yake. Waumini wakilikuta kaburi la Eliasi likiwa bado udongo mtupu, Jumatatu atamwita fundi mwingine kutoka Mombo.

"Fundi mwingine akimjengea Eliasi, mimi mwiko nauweka chini," anasema Rhoda huku akisafisha ukingo wa tofali kwa kidole. "Nitawezaje kwenda kwenye msiba wa mtu nikasema mimi ni fundi?"

Mawingu ya masika yamekwisha kushuka kwenye milima ya Usambara. Zege linahitaji saa kadhaa bila mvua. Rhoda anayatazama mawingu, anaongeza mwendo.

Aliyempa karai ni Mzee Mbwana, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, aliyefika jana jioni kutoka Chanika, mjini Handeni. Ndiye aliyemfundisha Rhoda kazi. Mtu mmoja njiani alimuuliza yeye, Mwislamu, anatafuta nini kwenye makaburi ya Wakristo katika sikukuu yao, naye akajibu kwamba kesho hana cha kuimba, lakini zege la mwanafunzi wake likiharibika, aibu ni yake.

Mapenzi ya Rhoda kwa kazi hii yalianza kwa kaka yake. Babu yao alifika Mazinde akiwa kijana, kukata mkonge, na hakurudi tena kwao Kigoma. Eliasi naye alikata mkonge tangu alipomaliza darasa la saba. Rhoda alipomaliza kidato cha nne na kusema anataka kujifunza ujenzi, ndugu walicheka. Eliasi hakucheka. Alimsindikiza hadi Chanika, akamkabidhi kwa Mzee Mbwana, na kabla ya kurudi akamnunulia mwiko.

"Aliniambia, dada, ukijua kuijenga nyumba, hakuna atakayekutoa nje," anakumbuka Rhoda.

Alikaa Chanika miaka miwili, akarudi nyumbani na ufundi. Kwa kaburi la kawaida hulipwa kati ya shilingi elfu sitini na elfu tisini, kwa kazi ya siku mbili au tatu. Wakati wa masika hupita mwezi mzima bila kuitwa. Hata hivyo ndiyo kazi iliyomlisha yeye na mama yake baada ya Eliasi kuugua kwa wiki tatu na kufariki akiwa na miaka ishirini na tisa.

Hapo ndipo lilipozuka jambo ambalo majirani hawakulielewa. Rhoda aliwajengea watu wote, asimjengee kaka yake.

Katika familia nyingi za huku, siku ya kujengea kaburi ndiyo siku msiba unapofungwa. Ndugu hukusanyika, hula pamoja, hushukuru na kutawanyika. Baada ya siku hiyo hakuna anayekuja tena kuuliza mnaendeleaje. Rhoda aliwafungia wengine misiba yao, lakini wake alishindwa kuufunga.

"Nilikuwa nafika hapa na mchanga kwenye baiskeli," anaeleza. "Nikishaona tuta lake, narudi nao. Moyoni nilisema, nikimwaga zege tu, basi nimemfungia, hatoki tena."

Maneno hayakukosekana. Kwenye bomba la maji, mwanamke mmoja alimwambia Mama Edna kwamba binti yake hodari amemfanya kaka yake kuwa tuta la viazi. Mama Edna alibeba ndoo yake akaondoka. Nyumbani alimweleza Rhoda kila neno, akaongeza na yake.

Katika kwaya ya vijana nako kulikuwa na Valentino, dereva wa bodaboda mwenye sauti nzito na mdomo mwepesi. Siku moja baada ya mazoezi, alisema kwamba parapanda itakapolia, wafu wote wa Korogwe watatoka isipokuwa waliojengewa na Rhoda.

"Hao watachelewa," alisema Valentino. "Watakuwa bado wanaulizana nani ana nyundo."

Kwaya nzima ilicheka. Rhoda naye alicheka, kisha hakuonekana mazoezini kwa wiki mbili. Valentino hakujua kwamba alikuwa amekitaja kwa mzaha kile kile kilichokuwa kikimtesa.

Mabadiliko yalikuja wakati wa Kwaresima, katika kipindi cha vijana cha kujifunza Biblia. Kiongozi wao, Asnath, mshona nguo, aliuliza swali moja tu: ufufuo wa Yesu una maana gani kwa kijana Mkristo wa leo?

Majibu yalimiminika. Kijana mmoja alisema ni kufufuka kwa biashara iliyokufa. Mwingine alisema ni kupata ajira baada ya kukata tamaa. Valentino alileta mfano wa mkonge, akasema mkonge ukizeeka hutoa mlingoti, huchanua, hufa, na miche yake midogo huanguka chini na kuota. Alisema huo ndio ufufuo, na wengi waliupenda mfano huo, kwa kuwa wote wamekulia kwenye mashamba ya mkonge.

Rhoda alisimama.

"Valentino, ile ni miche yake. Mkonge wenyewe umekufa, haurudi," alisema. "Mimi naishi na wafiwa. Hakuna mama aliyeniambia kaburini kwamba anataka biashara ifufuke. Mimi sitaki mfano wa Eliasi. Namtaka Eliasi."

Valentino aliinamisha kichwa. Asnath hakumjibu kwa maneno yake mwenyewe. Alifungua Injili, akawasomea jinsi wakuu wa makuhani walivyoogopa, wakalitia muhuri jiwe la kaburi la Yesu na kuweka askari wa kulilinda. Akasoma tena jinsi asubuhi ya siku ya kwanza ya juma jiwe lilivyokutwa limeondolewa.

Alipofika hapo, Rhoda aliomba arudie. Asnath akarudia. Ndipo fundi huyu wa makaburi akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, iwapo wale waliolifunga lile kaburi walikuwa mafundi wabaya.

"Hapana," alijibu Asnath. "Walilifunga vizuri kabisa."

Rhoda anasema furaha yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba alitamani kukimbia. Kwa karibu miaka minne aliamini ni mwaminifu kwa kaka yake. Siku ile aliiona hofu yake ilivyo.

"Nilikuwa naamini zege langu lina nguvu kuliko Mungu," anasema. "Mimi, kwa mfuko wa saruji, nimzuie Mungu? Kumbe hata nikilijenga kwa nondo, siku ya ufufuo haliwezi kumzuia. Basi kwa nini nisilijenge vizuri?"

Jioni ile ile alimwomba mama yake amwachie yeye kaburi lile mpaka Pasaka. Mama Edna alikuwa amekwisha kuahidiwa mara nyingi. Alikubali, akaweka na sharti lile la fundi wa Mombo.

Sasa ni saa saba mchana. Tofali zimesimama, nondo zimelazwa, na Rhoda ameanza kumwaga zege la juu. Tone la kwanza linamwangukia mkononi. Mzee Mbwana anafungua turubai, lakini upepo unalikunja, na watu wawili hawawezi kushika pembe nne. Rhoda anajaribu kulifunga pembe moja kwenye mti. Kamba inakatika.

Pikipiki inasikika barabarani. Ni Valentino, amepakia vijana wawili wa kwaya nyuma yake. Mama Edna ndiye aliyewapigia simu. Valentino hasalimii. Anaivua kofia ngumu, anashika pembe, wenzake wanashika nyingine, na turubai linakazwa juu ya kaburi kama paa.

Mvua inapiga kwa karibu saa nzima. Chini ya turubai Rhoda anasawazisha zege kwa ubao, polepole, kana kwamba nje ni jua. Vijana wamelowa mpaka kwenye viatu. Mmoja anamwambia Valentino kwamba leo anabatizwa mara ya pili. Valentino anajibu kwamba ya kwanza ilikuwa ya maji machache, pengine ndiyo maana haikukolea. Mzee Mbwana anacheka mpaka pembe yake ya turubai inalegea, na Rhoda anamkemea mwalimu wake kwa mara ya kwanza maishani.

Zege linasalimika. Kabla halijakauka, Rhoda anawaomba wote wageuke. Anachukua msumari, anaandika jambo fulani upande wa kichwani, kisha analifunika kwa mfuko wa saruji.

Jumapili, saa kumi na moja alfajiri, waumini wanaingia makaburini na tarumbeta zao. Vijana ndio wanaotangulia. Mtu anapaza sauti kwamba Kristo amefufuka, na umati unajibu kwamba amefufuka kweli kweli, tena na tena, mpaka mbwa wa kambi ya mkonge wanaanza kubweka na watu wanacheka katikati ya wimbo. Watoto wanaruka. Bibi mmoja anapiga vigelegele juu ya kaburi la mumewe.

Mwanga unapotosha, Rhoda anauondoa ule mfuko wa saruji. Mama Edna anajisogeza mbele. Alianza kujifunza kusoma katika darasa la watu wazima mwaka juzi, na hajapata kusoma maandishi ya kaburi mbele za watu. Mtu anataka kumsaidia. Anamzuia kwa mkono.

Anasoma jina la mwanawe. Anasoma mstari wa chini yake: Kuzaliwa, 1992. Anasoma unaofuata: Kufa, 2021. Kisha anafika kwenye mstari wa tatu, anaufuata kwa kidole chake, anasoma silabi moja baada ya nyingine: Kufufuka. Mbele ya neno hilo hakuna kitu, ni zege laini tupu.

"Rhoda, hapa hujaandika," anasema.

"Bado, mama. Tarehe hiyo sina mimi."

Mama Edna anapitisha kiganja juu ya ile nafasi wazi, polepole, mpaka mwisho wake. "Sawa," anasema. "Tutangoja."

Analia na kucheka kwa pamoja, na kwaya inaanza upya bila kuamriwa na mtu. Mzee Mbwana, aliyesimama kando akisubiri kulikagua zege, anasema siku hiyo ya kufufuliwa hata wao Waislamu wanaingojea, na kwamba kazi ni safi.

Hadi ibada inamalizika, familia tatu zimemwita Rhoda pembeni. Zote zina makaburi yaliyokwisha kujengewa, na zote zinataka kuongezewa mstari wa tatu. Mmoja wa waombaji ni Valentino, kwa ajili ya baba yake.

Rhoda ana mpango mwingine pia. Ifikapo mwezi Juni anataka kuanza kuwafundisha kazi wasichana wanne wa Mazinde, bila ada, na somo lao la kwanza litakuwa hapa hapa. Upande wa chini wa makaburi wamezikwa wakata mkonge wa zamani ambao majina yao hayajulikani tena na ndugu zao wako mbali. Atawatengenezea misalaba ya zege. Hataweza kuandika jina, wala mwaka wa kuzaliwa, wala wa kufa.

"Lakini mstari wa tatu naujua," anasema. "Huo nitawaandikia wote."

Ndugu msomaji, ukimaliza kusoma habari hii usiikunje na kuiweka. Mpelekee kijana mmoja aliyefiwa, na kama hajui kusoma, keti naye umsomee.