Mtemi Niliyemchomeka kwenye Ukoo Wangu

Chekeni tu, nami nitacheka, maana aibu hii niliitafuta kwa mdomo wangu mwenyewe, bibi mzima, mbele ya wakwe.

Walitoka Kagongwa kuja kwangu Ngokolo kumposa mjukuu wangu Kabula (mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, nikamlea mimi), na walipoketi tu wakaanza kujisifu, mara ng'ombe, mara makarasha mawili ya kusaga mawe ya dhahabu kule Geita, mpaka nikajiona mimi na kuku wangu si kitu. Sasa kwetu posa haiendi bila kutaja ukoo wa pande zote, watoto wasije wakaoana damu moja. Zamu yangu ikafika, nikasimama (hakuna aliyeniambia nisimame).

"Mimi ni Nkwimba wa Masanja, Masanja wa Luhende, Luhende wa Shija," nikasema, na ningeishia hapo, lakini yale makarasha yalikuwa bado yananiwasha, nikaongeza, "na Shija wa mtemi Gamaya!"

Nilingoja vigelegele. Mzee wao akavua kofia.

"Gamaya yupi, bibi? Yule wa ng'ombe weusi?"

"Huyo huyo," nikasema (jina lenyewe nililisikia tu msibani).

"Basi ndiye aliyemzaa babu yangu. Hawa watoto ni ndugu. Tunashukuru kwa chai."

Wakaanza kuinuka. Kabula alikuwa amesimama mlangoni na sinia la wali, akanitazama. Wifi yangu, Mama Shija (mwanawe alirithi jina la Shija yule wa zamani), ambaye hajawahi kunihurumia, akanifinya: "Sema ukweli, malkia, au uolewe wewe!"

Nikasema. Kwamba huyo Shija, babu wa baba yangu, aliletwa mtoto mdogo wakati wa njaa, watu wakamwacha kwenye boma la mzee mmoja, wakapewa kapu la mtama, wakaenda zao, naye akakua akichunga ng'ombe wa wengine.

"Na tutajuaje kwamba sasa hudanganyi?" mzee akauliza.

"Baba, nani ajitungie hilo?"

"Kumbe ikulu yenyewe ilikuwa ghala la mtama!" akadakia Mama Shija, na ua mzima ukaangua kicheko, yule mzee akacheka mpaka akakaa tena, na alipokaa nikajua mjukuu wangu ataolewa.

Ameolewa. Lakini siku ileile, tukiosha vyombo, Kabula aliniuliza, "Bibi, na baba yake huyo Shija wa mtama hasa aliitwa nani?"

Baba yangu aliwahi kuanza kunisimulia, nikamkatiza, nikamwambia habari za kubadilishwa na mtama asizitaje mbele ya wanangu. Hakuzitaja tena, akafa nazo. Aibu ya wakwe ilishanitoka, hii haijanitoka. Shija sitampa tena baba wa kuazima. Wa kwake alikuwepo, na mimi ndiye niliyekataa kusikia jina lake.