Sindano za Fundi Suti

Fundi suti huyu alikuwa na ulimi mkali. Mteja akilalamika kwamba koti linambana, aliambiwa wazi kuwa koti halijanenepa. Lakini ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, ulipomwingia mikononi, mkasi ukafungiwa kabatini, na mdomo ukabaki peke yake kazini.

Kila asubuhi, kabla binti yake hajatoka, alimwita.

"Mwanangu, nitungie uzi kwenye sindano hii. Macho yangu yamestaafu."

Binti alitunga, akamtania kidogo, akaenda zake. Siku moja alipokuwa akitafuta kifungo, alifungua kopo la sindano akakuta ishirini na tisa, zote zina uzi, hata moja haijashona kitu.

"Baba, za nini hizi?"

Mzee akainamisha kichwa. "Nilikuwa naangalia mikono yako kama inatetemeka."

Yakamtoka yote. Mwezi uliopita, daktari aliyemtibu fizi alimwambia kuwa watafiti wanaona ugonjwa wa fizi na Parkinson huenda vina uhusiano fulani wa kurithi, katika vinasaba. Alimwambia pia kwamba kuwa na mmoja hakumaanishi utapata na mwingine, ila hayo mzee hakuyasikia. Mawazo yalikuwa yameshamkimbilia binti yake, ambaye tangu usichana akipiga mswaki hutema damu, kama yeye.

"Pua hii nimekupa, umeivumilia," mzee akasema. "Na hili je?"

Binti akacheka, halafu machozi yakamtoka. Alimpenda mno mzee huyu mkaidi.

"Mwezi mzima umelibeba peke yako?"

"Ningekwambia nini?"

"Ungeniambia nikatibiwe fizi. Fizi zina dawa, Baba."

Na hapo akajinasa kwa maneno yake mwenyewe, maana alikuwa akimkwepa daktari wa meno miaka nenda miaka rudi. Kile kiti alikiogopa tangu utotoni, na visingizio havikumwishia.

"Basi twende wote," mzee akasema.

Jumamosi wakaenda. Binti alilala kwenye kiti, macho kayafumba. Mzee alikaa kwenye stuli pembeni, kamshika mkono, na mikono yote miwili ilikuwa ikitetemeka, mmoja kwa ugonjwa, mwingine kwa woga. Muuguzi asiyewajua aliingia na faili, akawatazama.

"Mgonjwa ni nani hapa?"

"Ni huyu," mzee akajibu, akaubana mkono wa bintiye. "Mimi ni baba yake."